Maembe hayakuozea chupani, yalianza kuozea kwenye gunia

Mleta mada, salamu kutoka Langoni, Lamu mjini. Nimesoma ulivyoandika: umehamia Mokowe mwaka huu, ukanunua magunia mawili ya maembe kwa mkulima wa hapo Hindi, jirani yako, ukayaweka chumbani siku nne kwa sababu ulibanwa na kazi, na ulipofungua ukakuta nusu yameoza. Yaliyosalia ukayatia achari, na wiki ya pili ikaota ukungu. Sasa unauliza utie dawa gani chupani. Kuna waliokutajia dawa za dukani. Mimi sijawahi kutia dawa, na achari niliyotengeneza kaskazi iliyopita ndiyo niliyolia wali mchana huu.

Kwa maoni yangu achari yako ilianza kuharibika jioni ile gunia lilipoingia mlangoni. Ukungu wa wiki ya pili ulikuwa hitimisho tu.

Embe likianza kuiva hutoa gesi, ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoliamsha embe la pembeni. Wazee hawakuijua kwa jina lakini waliitumia: kuvundika ndiko huko, unayafunika maembe yaliyopevuka pamoja na moja au mawili mabivu, na baada ya siku tatu yote yameiva. Wewe ulifunga gunia ukaliweka chumba cha joto siku nne. Umevundika bila kukusudia, magunia mawili kwa mpigo! Na humo ndani kulikuwa na yaliyopondeka, kwa sababu hakuna gunia linalosafiri bila kupondeka. Sisi wa mjini ndiyo mbaya zaidi: linatupwa kwenye gari, linatupwa kwenye boti, likishuka gatini linapandishwa kwenye shogi la punda, na kila kituo yale ya chini yanalia. Embe lililogongwa leo halionyeshi kitu. Keshokutwa ngozi ni nyeusi na ndani ni maji.

Kwa hiyo maembe yakifika, yanamwagwa mkekani usiku huo huo, hata kama umechoka. Mama yangu alikuwa haruhusu mtu kulala. Taa ya chemni katikati, sisi watoto pembeni, yeye anachukua embe moja moja, analibonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, analinusa, analiweka fungu lake. Magumu kabisa yenye nyama nyeupe ni ya achari na ya kukausha. Yaliyopevuka, mabega yamejaa lakini bado magumu, yanatandazwa sakafuni bila kupandana yaive yenyewe kwa siku kadhaa. Mabivu ni ya kuliwa kesho. Yaliyopondeka yanakatwa usiku ule ule, sehemu nzima inatolewa kwa sharubati, iliyobaki ni ya mbuzi.

Angalia sana alama ndogo kama imechomwa sindano, mara nyingine ina tone la utomvu lililokauka juu yake. Huyo ni nzi wa matunda, ameshataga ndani. Tulikuwa na nzi wetu wa siku zote, lakini huyu mgeni, msumbufu zaidi, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na tangu hapo hatujapumua. Embe lenye alama hiyo usilihesabu katika ya kuweka, hata liwe zuri vipi kwa nje, maana siku tatu mbele utakuta mabuu. Na ukienda shambani ukaona maembe yaliyoanguka yameachwa chini ya miti, jua huyo mkulima anafuga nzi wa msimu ujao. Wenye bidii huyaokota na kuyafukia chini sana. Mimi nanunua kwa hao.

Nikifika kwenye kununua, niseme moja. Magunia mawili kwa mtu anayeishi peke yake na kijifriji kidogo ni mengi mno, bei iwe rahisi kiasi gani. Mimi nina mkulima wangu bara, tumezoeana miaka, nachukua mapakacha mawili kila wiki tangu Desemba hadi maembe yanapokata. Pakacha linapumua, gunia la nailoni halipumui. Nimemwomba ayaangue kwa kingoe chenye kikapu, siyo kutikisa tawi, na ayaache na kikonyo cha kidole kimoja. Kikonyo kikikatwa pale pale kwenye embe utomvu unatiririka kwenye ngozi ya embe na kuibabua, na ya mtu pia. Hadi leo nina baka kwenye kifundo cha mkono kwa utoto wa kuangua maembe ya watu. Nyumbani nakata kikonyo, nayainamisha embe kwa embe mpaka utomvu uishe, ndipo naosha.

Embe bichi usilitie kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi inaliua, linakuwa na madoa, halitaiva tena vizuri. Liive kwanza ndipo litiwe.

Sasa achari yenyewe. Ngowe ni embe tamu na laini, haina nyuzi za kukera, na kwa ajili hiyo hiyo mimi siipendi kwa achari isipokuwa ikiwa changa sana. Apple nayo, embe pia, naona uchungu kuikata bichi, iache iive. Kwa achari nataka yale ya kienyeji, makali, ya kukufinya taya.

Nakata na ganda lake vipande vya ukubwa wa kidole, kokwa natupa. Kila kilo moja naipa chumvi ya unga kama gramu 120, karibu konzi mbili za mkono wangu, na kijiko cha manjano. Nachanganya nafunika usiku kucha. Asubuhi yamelia, yameacha maji mengi ya njano. Maji hayo usiyamwage, yachuje uyaweke, lakini maembe yatoke yapande juani. Natandaza kwenye uteo, kipande kisigusane na chenzake, juu naweka chandarua cha zamani kwa ajili ya nzi na kunguru, na naupeleka uteo juu kabisa ya nyumba ambako upepo wa kaskazi haukatiki. Kabla ya Magharibi naushusha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha nje usiku. Kisiwani hewa ya usiku ina maji na chumvi ya bahari, kipande kilichokauka mchana kutwa kinakunywa umande hadi alfajiri, na siku yako imepotea.

Siku mbili, wakati mwingine tatu. Kipimo changu si siku, ni kukunja. Kipande kikikunjwa kinapinda kama ngozi ya kiatu bila kuvunjika, na nikikibana kwenye kitambaa kikavu hakiachi alama ya maji. Kikiacha alama, kinarudi juani. Achari yako, nina hakika, uliikausha siku moja ukaona inatosha.

Viungo: pilipili ya unga, thomu na tangawizi vilivyotwangwa, uwatu kidogo uliokaangwa, haradali, sukari kwa anayependa. Nachemsha siki pamoja na yale maji ya chumvi, natia viungo, natia maembe, nageuza dakika chache tu, naipua. Mafuta nayachemsha mbali, yapoe, ndipo nayamimina juu mpaka yafunike vipande vyote. Kipande kinachochungulia juu ya mafuta ndicho kitakachoota ukungu wa kwanza.

Siki isimamie kazi yake. Mwaka mmoja niliharibikiwa chupa saba kwa sababu nilinunua siki ya kupimiwa dukani, imetiwa kwenye chupa ya maji, haina karatasi. Ilikuwa rangi tu, uchachu hamna. Muuzaji akaniambia mama, hali ya hewa. Hali ya hewa! Tangu siku hiyo nanunua iliyofungwa, iliyoandikwa uchachu asilimia 5. Hili si suala la ladha tu. Thomu iliyozama kwenye mafuta bila uchachu wa kutosha ni hatari ya kweli, kuna bakteria anayependa mahali pasipo hewa na sumu yake haina harufu wala ladha. Hawezi kumea palipo uchachu wa pH 4.6 kushuka chini; pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi. Kwa hiyo anayekuambia tia mafuta na thomu basi, siki si lazima, mwambie akaile yeye.

Chupa ziwe za kioo, zichemshwe, na zikaushwe juani kinywa chini. Zikauke kweli. Mama akituona tumetoka kuosha vyombo tunaingiza mkono kwenye kasiki alikuwa akipiga kelele nyumba nzima isikie: "Mkono maji huo!" Nami sasa nawapigia wajukuu wake kelele hizo hizo. Kijiko kimoja chenye tone la maji kinatosha kuharibu chupa nzima. Nina kijiko cha mti cha achari, hakioshwi na vyombo vingine, kinafutwa.

Usifungue kabla ya wiki mbili. Najua utafungua. Basi fungua ndogo.

Ya kukausha tu, bila viungo, ni rahisi mno na watu wanaidharau. Embe bichi limemenywa, limekatwa nyembamba kama nusu sentimita, chumvi kidogo, jua hadi likatike kwa sauti. Hilo ndilo linalonifaa wakati wa kusi, ndimu zikiwa adimu na ukwaju umeisha: vipande vitano vinatupwa kwenye mchuzi wa papa, mchuzi unachachuka vizuri bila kelele. Nayaweka kwenye bati la biskuti, katikati ya masika nayatoa nje saa moja au mbili siku yenye jua kisha nayarudisha.

Mabivu yana mambo machache. Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, kwa hiyo kwetu yanakwisha kwenye futari kabla hujaanza kufikiria kuweka. Yakibaki naponda nyama, nachuja, natia kwenye vikopo vidogo na kuyagandisha bila sukari. Vidogo, nasisitiza. Niliwahi kujaza ndoo ya lita tano, umeme ukakatika siku mbili, ikayeyuka, nikalazimika kugawa mtaa mzima sharubati saa nne usiku. Watoto wa jirani bado wanaulizia lini umeme utakatika tena. Jemu ya embe nawaachia hoteli za Shela, sukari yake inameza embe lenyewe.

Ndimu uliyotaja mwishoni ni nyepesi kuliko embe. Pasua msalaba bila kuachanisha, jaza chumvi, bana kwenye chupa mpaka maji yake yazifunike, weka dirishani penye jua wiki tatu ukitikisa kila siku. Ganda likilainika na kugeuka kahawia ndiyo tayari. Hapo siki haihitajiki, ndimu ina uchachu wake.

Kuna mchangiaji ameuliza kuhusu mahindi ya shamba la Mpeketoni, kama anaweza kuyafunga kwenye magunia sasa hivi. Mahindi siyo achari, ndugu yangu, hapo kosa linaua. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu 125 Ukambani mwaka 2004, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Njia ya nyumbani ni hii: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu hadi kama robo, ongeza konzi ya mahindi, funga, tikisa, iache dakika 15. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha jamvini. Isiposhika, bado anika siku moja au mbili, kwa kuwa ghala linataka asilimia 13 na nusu au chini yake. Na usianike chini kwenye mchanga. Yaliyoota ukungu usimpe hata kuku.

Na mabibo ya korosho, ambayo mkulima wako alikuambia atakuletea bure, ni bure kwa sababu hayakai. Yaliyoanguka asubuhi, jioni yameshachacha. Yasizidi utakayomaliza siku ile: yakate, yaloweke kwenye maji ya chumvi kidogo ili ule ukakasi wa kooni upungue, kamua, kunywa. Vaa nguo ya zamani unapokamua, maji yake yakishika kanzu hayatoki hata kwa ndimu.