Sifuri Nayo Huandikwa: Ushauri kwa Mzamiaji Mgeni katika Sensa ya Matumbawe

Wazamiaji wengi wanaojitolea kwa mara ya kwanza huja na cheti, kamera nzuri na hamu ya kumwona papa au kasa, kisha hukabidhiwa kibao cha plastiki, penseli iliyofungwa kwa kamba na tepu ya mita 100, wakaambiwa kwamba muda wote wa kuzamia watatazama ukanda wenye upana wa mita tano tu. Nami nilikuja hivyo hivyo. Haya ninayoyaandika ningependa kuambiwa kabla sijashuka, maana baadhi yake niliyajua baada ya kuwaharibia wenzangu kazi.

Kabla ya kujifunza jina la samaki hata mmoja, jipime kama unaweza kutulia mahali pamoja, nusu mita juu ya mwamba, bila kupiga mapezi wala kushika kitu, huku macho yako yakiwa kwenye kibao. Mtu anapozama katika kuandika husahau kwamba pumzi yake ndiyo inayompandisha na kumshusha. Katika sensa yangu ya pili nilikuwa nikiandika idadi ya pono, nikasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kinachokatika. Nilipogeuka, tawi la tumbawe lenye urefu wa kidole lilikuwa limelala mchangani, na pale lilipokatika palibaki doa jeupe. Tumbawe la matawi huenda likarudisha urefu huo baada ya muda, lakini yale ya mviringo yaliyo kama mawe hukua polepole mno, aghalabu chini ya sentimita mbili kwa mwaka. Tangu siku hiyo hutazama kwanza, nikahesabu kichwani, nikajisogeza mbali kidogo na mwamba, ndipo nikaandika.

Mojawapo ya taratibu utakazokutana nazo ni ile ya Reef Check, mpango ulioanzishwa mwaka 1996, ambao sensa yake ya kwanza ya dunia nzima ilifanyika mwaka uliofuata. Tepu hulazwa kwa kufuata kina kimoja na kugawanywa katika vipande vinne vya mita 20, vinavyoachana kwa mita tano, ili kila kipande kihesabiwe peke yake. Ikishalazwa, kikundi husubiri dakika 15 samaki watulie. Wageni huzichukia dakika hizi na huanza kuzurura. Nakuomba usizurure, kwa sababu utawafukuza samaki wale wale tunaowasubiri.

Samaki wanaohesabiwa ni wa aina chache zilizochaguliwa, na baadhi yao wana kipimo: chewa lazima azidi sentimita 30, pono azidi sentimita 20. Hapa ndipo macho hudanganya. Kupitia miwani ya kuzamia, vitu majini huonekana vikubwa kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo chewa wa sentimita 27 hujionyesha kama wa 36, naye mgeni humwandika kwa furaha. Siku moja niliandika chewa kumi na mmoja mahali ambapo mwenzangu mzoefu alikuwa amepata wanne, na tulipokaa kulinganisha vibao nilijua mara moja nani amekosea. Dawa yake ni mazoezi: kata vipande vya bomba la plastiki vya urefu mbalimbali, mwenzako avipange chini ya maji, uvikadirie, kisha mlinganishe makadirio na vipimo vyenyewe, mkirudia mpaka jicho lizoee. Wengine hubeba fimbo yenye alama za sentimita, nami sioni aibu yoyote kuibeba hadi leo.

Sasa nifike kwenye kosa ninaloliona kila msimu. Mgeni asipomwona jongoo bahari hata mmoja, huacha kisanduku kitupu, akidhani hakuna cha kuandika. Anayeingiza takwimu baadaye hawezi kujua kama kisanduku kitupu kina maana kwamba hapakuwa na jongoo, au kwamba mzamiaji alisahau kutazama. Andika 0. Mahali palipokuwa na jongoo miaka iliyopita, sifuri yako huenda ndiyo taarifa nzito kuliko zote za siku hiyo. Kinyume chake nacho ni kosa: napoleoni, yule samaki mkubwa wa mwambani, akipita mita nane kutoka kwenye tepu, yuko nje ya ukanda, hata moyo ukidunda namna gani. Mwandike pembeni kama aliyeonekana nje ya sensa. Wala usiisogeze tepu kuelekea palipopendeza.

Ardhi ya mwamba nayo hupimwa kwa nukta, kila nusu mita, yaani nukta 40 katika kipande kimoja na 160 kwa jumla. Tunatumia timazi ndogo, kama ile ya mwashi, na kinachoandikwa ni kile kilichoguswa na timazi, si tumbawe zuri lililo sentimita tano kando yake. Ukisitasita kati ya mchanga na tope, punga mkono taratibu juu yake: mchanga hutua papo hapo, tope hubaki likielea kama moshi.

Utata mkubwa zaidi ni weupe. Tumbawe lililopauka kwa sababu ya joto limepoteza mwani mdogo mno uliokuwa ukiishi ndani yake na kulipa rangi, lakini bado li hai; ukisogea karibu utaona utando laini unaopitisha mwanga, pengine na vinyuzi vya mdomo vikichezacheza. Hilo huandikwa kuwa tumbawe gumu, na kupauka kwake hurekodiwa mahali pake. Tumbawe lililokufa karibuni nalo ni jeupe, ila nyama haipo: vijitundu ni vikali na vitupu, na aghalabu utando wa mwani umeanza kushika pembeni. Tangu NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, ilipotangaza Aprili 2024 kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe, kuchanganya hali hizi mbili ni sawa na kumwandikia mgonjwa cheti cha kifo.

Hewa ikifika kiwango mlichokubaliana, pandeni, hata kama zimebaki mita kumi, andika mlipoishia. Juu, kabla ya kuosha vifaa, kaa na mwenzako msomeane tarakimu kwa sauti, maana ile 1 yenye kichwa kirefu itasomwa 7 na mtu ambaye hakuwapo. Panapokosewa piga mstari mmoja, usifute, na kibao kisisafishwe mpaka kipigwe picha.