Umezaa, Hujaharibika: Kwa Mama Anayevujwa na Mkojo

"Dada, nikipiga chafya tu mkojo unatoka. Mama mkwe anasema nimelegea. Nifanyeje?" Ujumbe huu umetoka kwa msomaji wa Morogoro, mama wa watoto wawili. Umenikuta Jumamosi asubuhi nimetoka joging na klabu yetu, viatu bado viko miguuni. Tulikimbia kutoka Mbagala mpaka karibu na Uwanja wa Mkapa, tukiimba na kuruka njia nzima, na mimi nikarudi nyumbani nguo kavu. Naandika hivyo kwa fahari, kwa sababu kuna miaka nilikuwa siwezi kuvuka barabara mbio bila kulowa.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo nne na ushee. Leba ilikuwa ndefu, nikasukuma mpaka macho yakaiva, nikachanika, nikashonwa. Nilivyorudi nyumbani nikalelewa uzazi kama inavyotakiwa: nikakandwa kwa maji ya moto, nikafungwa tumbo kwa kanga, nikanyweshwa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Kila aliyeingia chumbani alilitazama tumbo langu kama limerudi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Na mkojo, unaushika?"

Nilikuwa siushiki. Nikicheka, unatoka. Nikiinua ndoo, unatoka. Siku ya kliniki nikamnong'oneza nesi. Akanijibu kwa sauti ya kusikika benchi zima: "Ndo uzazi huo mama, ulitegemea ubaki kama msichana?" Wenzangu wakacheka. Mtoto yule sasa anasoma, na jibu lile bado linaniuma.

Tangu hapo nikajifunza kujificha. Nilivaa madera ya rangi nzito. Nilikata kanga kuukuu vipande, nikavikunja na kuvivaa ndani, kimoja cha akiba kwenye mkoba. Kwenye kitchen party ya ndugu yangu wa damu, walivyopiga singeli na kuniita kati, nikasingizia mguu. Nilikaa ukingoni mwa kiti nikipiga makofi, huku nikipiga hesabu ya hatua za kufika chooni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumezaa, halafu tukaambiwa tufiche.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ambaye nilimwendea kwa shida nyingine kabisa, maumivu ya mgongo. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza habari za mkojo, akauliza vilevile kama alivyouliza habari za mgongo, bila kushusha sauti. Nikalia palepale. Akaniacha nimalize, kisha akageuza kadi yangu ya hospitali na kunichorea nyuma yake.

Mwili, aliniambia, umejaa misuli ya mduara inayobana na kuachia, kama mdomo wa mfuko unaofungwa kwa kamba. Kitaalamu inaitwa sfinkta. Upo ndani ya jicho, unaoipunguza mboni mwanga ukiwa mkali. Upo mwishoni mwa koo la chakula, unaozuia tindikali ya tumbo isipande. Homoni za ujauzito huulegeza, ndiyo maana wajawazito wengi tunateswa na kiungulia hasa tukilala baada ya kula. Upo kwenye mlango wa kutokea tumboni, unaoruhusu chakula kiende kwenye utumbo kidogokidogo. Upo mwingine mdogo unaopitisha nyongo, una jina la Ruggero Oddi, Mwitaliano aliyeueleza mwaka 1887 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Kwenye njia ya haja kubwa iko miwili: wa ndani unabana wenyewe hata ukiwa usingizini, wa nje ndio unaoubana wewe ukiwa ndani ya daladala na foleni haisogei.

Na mkojo una ya kwake. Kibofu kikijaa taratibu chenyewe hulegea kuupokea, huku misuli ya mlangoni imebana. Ukifika chooni mambo yanageuka: kibofu kinabana, mlango unaachia. Chini ya vyote hivyo iko sakafu ya nyonga, misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mpaka kifandugu, inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Mimba inaielemea kwa miezi tisa, kisha mtoto anapita katikati yake, na wakati mwingine neva zake nazo zinavutika. Ukikohoa au kucheka, shinikizo la tumbo linakisukuma kibofu ghafla. Mlango uliochoka unachelewa kubana. Ni hivyo tu. Uchafu haumo, uzembe haumo, na laana haimo.

Kuna daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika mwaka 1948 kwamba misuli hii hufanyishwa mazoezi ikapata nguvu kama ya mkono au mguu. Leo mazoezi hayo yana jina lake, na ndiyo niliyofundishwa. Bana kama unayezuia mkojo na hewa chafu kwa pamoja. Utasikia kitu kinavutika kwenda juu, ndani. Shikilia sekunde tano, achia kabisa sekunde tano. Rudia mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku. Usibane mapaja wala makalio, na usizuie pumzi. Kuachia ni muhimu sawa na kubana. Usiyafanye kila siku ukiwa katikati ya kukojoa, kwa sababu unakifundisha kibofu kisijimalize. Kabla ya kukohoa, bana kwanza. Ukikaribia kunyanyua ndoo, bana kwanza. Na ukubali kungoja, kwa sababu matokeo ya maana huhitaji kama miezi mitatu. Mimi wiki za mwanzo sikuona kitu, nikaendelea kwa hasira tu. Baadaye siku moja nikapiga chafya sokoni, nikasimama kungojea ule umoto wa mkojo, haukuja.

Mengine ni madogo. Kunywa maji, usijinyime ukidhani utakauka, maana mkojo mzito unakikera kibofu. Punguza chai ya rangi na kahawa. Kula mboga na matunda upate choo laini, kwa sababu kujikamua chooni kila siku kunaichosha misuli ileile unayoijenga.

Mama wakwe, mashangazi na mawifi, niwaambie kwa heshima: mkwe wenu hajalegea, amejeruhiwa akiwaletea mjukuu. Baba, ukimwona mkeo amehamia ukingoni mwa kitanda au hataki tena kwenda harusini, muulize kwa upole. Nanyi manesi wetu, tunajua mko wachache na kazi ni nyingi, lakini swali moja la mkojo siku ya kliniki halichukui hata dakika. Lingeniokolea miaka.

Dada yangu wa Morogoro, kabla ya mazoezi yote jichunguze. Kama mkojo unatoka ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua mzigo, hilo ndilo nililoeleza. Kama unachuruzika muda wote, usiku na mchana, au kinyesi kinapita ukeni, hiyo huenda ni fistula, tundu lililobaki baada ya uchungu wa muda mrefu. Hakuna kubana kunakoliziba. Linahitaji kushonwa, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam kwa miaka mingi imekuwa ikiwatibu wanawake wenye fistula bila kuwatoza. Na kama kushindwa kushika haja kumekuja ghafla, pamoja na ganzi katikati ya mapaja na miguu kukosa nguvu, usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ikiwa ni lile la kwanza, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha fiziotherapia. Ukifika, usiseme "tumbo linanisumbua". Sema: "Nimezaa, na mkojo unanitoka nikipiga chafya. Nataka kufundishwa mazoezi ya sakafu ya nyonga." Wakikujibu ndo uzazi huo, omba kuonana na mtu mwingine.