Usifunge hoja ya usalama wa mtandao kwa neno "tayari"

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii kwamba bosi wake anamtaka azifunge hoja zote za usalama wa mtandao, yaani kasoro za mifumo zilizoorodheshwa ili zirekebishwe, kabla ya kikao cha bodi, ilhali mafundi wa mifumo wamemjibu kwa neno moja tu, "tayari", bila kiambatisho chochote. Nilicheka kwa uchungu, kwa kuwa njia hiyo niliipita.

Katika taasisi moja niliyoitumikia nilikabidhiwa daftari la hoja ambalo lilikuwa na hali mbili tu, "wazi" na "imefungwa", na fundi aliyeweka kiraka (sasisho la kuziba udhaifu wa programu) ndiye aliyeibadili hali hiyo. Nilipogoma kuwasilisha orodha hiyo mpaka ihakikiwe, mkuu wa idara alitamka mbele ya kikao kwamba ninawakwamisha wenzangu, na maneno hayo hayajanitoka moyoni hadi leo. Nilisisitiza seva zichunguzwe upya. Hoja kadhaa "zilizofungwa" ziliibuka zilevile: kwingine kiraka kiliwekwa lakini huduma haikuwashwa upya, hivyo toleo la zamani likawa bado linafanya kazi, kwingine seva kuu ilirekebishwa na ile ya akiba ikasahaulika. Hakuna aliyeniomba radhi, ingawa utaratibu nilioudai ndio uliofuatwa baadaye.

Anayedhani ninatia chumvi na aikumbuke Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu. Kiraka cha Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, kilitolewa Machi 2017, na agizo la ndani likataka kiwekwe katika muda wa saa 48. Uchunguzi uliofuata haukuuona udhaifu huo, na tovuti ya kupokea malalamiko ya wateja ikabaki bila kurekebishwa. Wavamizi waliingia Mei, wakagunduliwa mwishoni mwa Julai, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikawa zimechukuliwa. Agizo lilikuwepo, mfuatiliaji hakuwepo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ongeza hali ya "imerekebishwa, inasubiri uhakiki", na anayeihamisha kwenda "imefungwa" asiwe yule aliyerekebisha. Kila hoja iwe na jina la mtu, kwa maana hoja iliyoandikiwa idara haina mwenyewe. Ushahidi uwe matokeo ya uchunguzi mpya wa seva ileile, pamoja na namba ya toleo lililowekwa. Udhaifu ulipogunduliwa katika Log4j, programu inayoandika kumbukumbu za matukio ya mifumo, Desemba 2021, waliofunga hoja kwa toleo la 2.15.0 walilazimika kuzirudia lilipotoka la 2.16.0, kisha 2.17.0, na asiyeandika toleo hakujua aanzie wapi. Hoja ikirudi, ifungue kwenye mstari wake wa awali. Ukiisajili upya, umri wake unaanza sifuri, na udhaifu wa mwaka mzima utaonekana wa jana. (Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, nami sina heshima nao.) Hata hali ya "hatari imekubaliwa", yaani udhaifu ulioamuliwa kuachwa bila kurekebishwa, lazima iwe na saini ya kiongozi mwenye mamlaka na tarehe ya kuisha, la sivyo inageuka kuwa kaburi la hoja ngumu.

Kuhusu kikao chako, peleka orodha kama ilivyo, ukitenganisha zilizohakikiwa na zile zinazosubiri. Bosi akishikilia kwamba zifungwe, mwombe akuandikie agizo hilo kwa barua pepe, kisha uliambatishe kwenye kila hoja inayohusika.