Bandua huo utepe kwenye kioo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimebakiza wiki 2 nifanye mtihani wa udereva. Mwalimu wangu alibandika kipande cha utepe mwekundu kwenye kioo cha nyuma. Ninaporudi nyuma kupaki, koni ikifika kwenye utepe, nakata usukani mzunguko mmoja na nusu kulia. Koni ikipotea, nanyoosha. Kwa gari lake napaki bila kosa. Jana nimejaribu gari la kaka yangu, nikaangusha koni 2. Nibandike utepe kwenye gari la kaka pia, au niombe kutahiniwa kwa gari nililolizoea?

JIBU: Marahaba. Usibandike, na hata huo ulioko kwenye gari la mwalimu ubandue.

Sikukaripii wewe. Kila kundi la wanafunzi ninalolipokea lina mmoja au wawili waliofundishwa hivi, nao wanaamini kabisa kwamba wanajua kurudi nyuma. Wanachojua ni utepe. Koni inaonekana kugusa utepe kwa sababu ya kimo chako, mahali kiti kilipo, na umbo la gari lenyewe. Sogeza kiti mbele sentimita 5 tu, hesabu yote imekwisha. Hata huo mzunguko mmoja na nusu ni wa gari lile: kwenye gari lingine, usukani ukizungushwa kiasi hichohicho, matairi yanaweza kukata zaidi au pungufu.

Kinachobaki vilevile kwenye gari la mwalimu, la kaka na la mtihani ni matairi ya nyuma. Hayo hayakati kona. Ukirudi nyuma huku umekata usukani kulia, mkia unakwenda kulia na pua inafagia kushoto, tena inafagia eneo kubwa kuliko mwanafunzi anavyodhani. Koni nyingi ninazoziokota uwanjani zimeangushwa na kona ya mbele ya gari, wakati dereva amekodoa macho nyuma.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kushika usukani, mwombe kaka aendeshe yeye. Simama pembeni, mbali kidogo, aende nyuma polepole akiwa amekata usukani mpaka mwisho. Tazama tairi la nyuma la upande anaokatia: linachora duara dogo kuliko matairi mengine yote, na gari zima linageukia upande huo. Mwambie arudie upande wa pili. Wanafunzi wangu wengi huelewa hapo, wakiwa wamesimama kwa miguu yao, jambo ambalo hawakulielewa kwa mwezi mzima ndani ya gari.

Ndipo uingie wewe. Inamisha kioo cha pembeni kidogo uone tairi la nyuma na ardhi iliyo kando yake, ukikumbuka kwamba vioo vingi vya pembeni vimebinuka na huonyesha vitu viko mbali kuliko vilivyo. Nenda kwa nusu klachi, polepole kuliko mtu anayetembea. Kata usukani gari likiwa linajongea. Ukikata limesimama unasaga matairi na kuulemea usukani. Ukiona pembe imeharibika, simama, toka mbele, nyoosha, rudi tena. Uliza mapema mtihani wako unaruhusu kusahihisha mara ngapi. Gari ulilolizoea liombe kama linaruhusiwa, hakuna ubaya, ila ulifanyie mazoezi bila utepe.

Sasa niseme linaloniudhi zaidi. Wanaouza “siri ya rivasi kwa siku moja” wanapeleka barabarani watu waliozoeshwa kuangalia alama badala ya kuangalia nyuma. Mtoto mfupi kuliko buti haonekani kwenye kioo cha nyuma hata uwe na macho makali namna gani. Kamera inasaidia, lakini haikuonyeshi kona za mbele zinakofagia, na lenzi yake ikipata tope haikuonyeshi kitu. Zunguka nyuma ya gari kwa miguu kabla ya kuingia. Ukishaweka gia ya rivasi geuza shingo, bega hili na bega lile, na uendelee kugeuza mpaka gari lisimame.

Niliwahi kukanyaga breki za upande wangu wa mwalimu kwa nguvu, mwanafunzi akashtuka akidhani amegusa koni. Mtoto alikuwa amekimbilia mpira, ameinama kuuokota nyuma ya gari upande wa kushoto. Mwanafunzi alikuwa makini kweli, mikono imetulia, mwendo mzuri. Nilipomuuliza kama alimwona, alinijibu, “Mwalimu, koni ilikuwa bado haijafika kwenye utepe.” Tangu siku hiyo, gari likiingia uwanjani kwangu na utepe kiooni naubandua mwenyewe, somo halijaanza.