Mleta mada weka chini hiyo baking soda, kampime mama figo kwanza

Mleta mada simamisha hilo zoezi leo leo. Nimesoma uzi wako mpaka komenti ya mwisho, watu wanakupa hongera na "ubarikiwe dada kwa elimu", hakuna hata mmoja aliyekuuliza kitu cha maana. Umesema mama ana presha ya miaka mingi na sukari juu yake. Umesema mtaalamu wa lishe uliyemkuta laivu Instagram kakwambia damu ya mama imechachuka, umtoe kwenye nyama, ugali na wali, umpe kijiko cha chai cha baking soda na limau asubuhi na usiku, na mwezi ukiisha muanze kupunguza vidonge. Halafu unatuomba orodha ya vyakula vya asidi na vya alkali (kinyume cha asidi) vinavyopatikana masoko yetu ya Dar, hesabu ya themanini kwa ishirini, yaani asilimia themanini alkali na ishirini asidi, inapangwaje kwenye sahani, na karatasi za kupimia mkojo zinauzwa duka gani Kariakoo.

Mimi nitaongea kuhusu baking soda, kwa sababu nyumbani kwetu aliyekuwa anaikoroga ni mimi.

Mzee wetu ana presha tangu yuko kazini bandarini. Vidonge anakunywa bila kusukumwa, kliniki anaenda, shida yake ilikuwa kiungulia na kuchoka choka. Ndugu mmoja akatuunganisha na mtaalamu, ana ofisi yake mjini, koti jeupe, vyeti ukutani, kiyoyozi kinapuliza. Akampa Mzee kile kichuma cha kushika kiganjani kimeunganishwa na kompyuta, dakika chache printa ikatema makaratasi, moyo asilimia kadhaa, ini asilimia kadhaa, na mwisho kwa maandishi mekundu: asidi imezidi mwilini. Tone la damu halikutoka pale, dada. Sindano haikufunguliwa. Tukarudi nyumbani na karatasi iliyopigwa plastiki, upande mwekundu vyakula vya asidi, upande wa kijani vya alkali, tukaibandika kwenye friji, na kopo la "chumvi ya kurekebisha mwili" ambalo baadaye tuliambiwa ni baking soda ile ile ya dukani kwa Mangi, imebadilishwa lebo na bei.

Sasa nikueleze glasi yenyewe ilivyokuwa. Maji ya uvuguvugu, nusu limau unakamua, kijiko unatumbukiza, povu linapanda mpaka ukingoni na Mzee anatakiwa anywe kabla halijashuka maana tuliambiwa nguvu yote iko kwenye povu. Lile povu ni kaboni dayoksaidi. Asidi ya limau imekutana na sehemu ya baking soda vikamalizana pale pale kwenye glasi, gesi ikapaa, kilichobaki chini ambacho mgonjwa anakimeza ni baking soda iliyosalia na maji yenye sodiamu. Na sodiamu ndiyo hiyo hiyo tunayokimbizana nayo kwenye chumvi! Kijiko kimoja cha chai cha baking soda kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 kwa siku, hapo umehesabu chai, mkate, mchuzi, kila kitu. Asubuhi kijiko, usiku kijiko, mmeshapita kiwango na hajaonja hata dagaa.

Kinachoniuma ni kwamba sisi ndio tuliomkataza Mzee chumvi. Kichupa tulikiondoa mezani, mama yetu akawa anampikia kisufuria chake pembeni, Mzee anatafuna samaki hana ladha analalamika na sisi tunamwambia vumilia Mzee, presha hiyo, halafu ikifika saa tatu usiku namletea glasi na anasema asante mwanangu. Ulimi haustuki kwa sababu baking soda haina ukali kama wa chumvi, ina ule ubapa wa sabuni hivi, unafunikwa na limau. Mtu mwenye figo nzima anaweza akaimudu hiyo sodiamu kwa kuikojoa. Mtu ambaye presha imemla figo na moyo kwa miaka, sodiamu inabaki, inashikilia maji, na maji yanaanza kutafuta pa kukaa.

Yalianzia miguuni. Akivua soksi ule mpira unaacha mfereji umezunguka mguu mzima, ukibonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba shimo linabaki, unaweza ukaenda jikoni ukarudi bado unaliona. Nikampigia mtaalamu. Unajua alinijibu nini? "Hiyo ni sumu inashuka, inatafuta pa kutokea, ongezeni dozi." Nikaongeza! Baada ya hapo Mzee akaanza kulala na mito miwili, mitatu, mwisho akawa analala kwenye kochi ameketi, tukadhani ni joto la Dar na umeme ulikuwa unakatika kweli. Siku tuliyomkimbiza hospitali alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Maji kwenye mapafu, presha imepanda kupita maelezo, na walipopima damu kreatinini, yaani taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa, ikaonekana iko juu. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, akauliza taratibu, zaidi ya vidonge Mzee anatumia nini nyumbani, mimi na mama tukatazamana.

Mzee yupo, Mungu mkubwa. Lakini figo hazikurudi zilipokuwa, na kiwanja cha Chanika ambacho angejenga vyumba vya kupangisha kimeishia kwenye kitanda cha hospitali na oksijeni. Mtaalamu nilimtafuta, akasema nilikosea mimi, eti nilitumia kijiko kikubwa, kesho yake nikakuta kanibloku. Bado yuko hewani, bado ana wafuasi, juzi nimeona klipu yake anawafundisha watu namna ya kuachana na dawa za presha, na chini watu wanaandika amina. Mtu wa hivyo mimi namwita muuaji anayelipwa na anaowaua, na sifuti hilo neno.

Na usidhani ni tatizo la Bongo peke yake. Robert O. Young wa Marekani, mmoja wa waliotajirika kwa kuhubiri kwamba magonjwa yote yanatokana na asidi, mwaka 2016 alitiwa hatiani California kwa kutibu watu bila leseni, akafungwa. Mwaka 2018 akaamriwa na mahakama San Diego amlipe mwanamke mmoja mwenye saratani ya matiti dola milioni 105, maana alimshauri aache matibabu ya hospitali na saratani ikasambaa. Huyo ndiye babu wa hizi klipu unazotumiwa WhatsApp.

Karatasi za mkojo usinunue, hela hiyo mnunulie mama mboga. Mzee alipoanza glasi zile karatasi zikatoka njano zikaenda kijani mpaka bluu, nyumba nzima tukashangilia, tukasema mwili unasafishika. Kumbe figo zilikuwa zinatupa nje kile tulichomnywesha! Mkojo unaweza kwenda kutoka pH 4.5 mpaka 8 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) kutegemea umekula nini jana, hiyo ndiyo kazi yake, kubeba kilichozidi. Damu inabaki kati ya 7.35 na 7.45, mapafu yanapumua nje kaboni dayoksaidi, figo zinatoa asidi na kurudisha bikaboneti (alkali ya kwenye damu, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye baking soda), na damu ikitoka nje ya hapo kwa kiasi cha maana mtu hawezi kuwa amekaa anaangalia laivu, yuko wodini. Kupima mkojo ili ujue damu ikoje ni sawa na kuchungulia jalala la jirani ujue ana shilingi ngapi benki. Na yale maji ya alkali ya pH 9 wanayoyasifia yanashuka kwenye tumbo lenye asidi ya pH 1.5 mpaka 3.5, yanafika chini hayana u-alkali wowote wa kujivunia.

Najua kuna mtu atakuja kusema mbona hata hospitali wanatoa bikaboneti. Ndiyo wanatoa, kuna wagonjwa wa figo wanaandikiwa vidonge vyake, kwa sababu figo ikichoka kweli asidi hulundikana. Lakini wamepima kwanza bikaboneti ya kwenye damu, ambayo kawaida hucheza kama 22 mpaka 28, wanaona imeshuka, wanatoa dozi, wanapima tena, na wanaangalia miguu na presha kila mgonjwa akirudi. Na atakayesema nimetumwa na kampuni za dawa anitajie ni ipi, maana hata nauli ya daladala hawajanitumia.

Kuhusu vyakula, haraka tu. Hiyo habari ya chakula kuacha mzigo wa asidi au alkali ina sayansi yake, Wajerumani Remer na Manz mwaka 1995 walitoa jedwali la mzigo wa asidi unaofika kwenye figo kwa kila gramu 100. Nyama ya ng'ombe inatoka kama 7.8, mayai 8.2, samaki, jibini na nafaka nazo upande huo huo. Hasi maana yake ni upande wa alkali: ndizi ni hasi 5.5, viazi hasi 4, spinachi hasi 14, na limau pamoja na ukali wake wote liko upande wa alkali. Kwa hiyo mama akila mboga za majani na matunda zaidi na nyama kidogo ni jambo zuri, ila sababu si kwamba damu imechachuka, na ugali wake mwachie sahani ndogo, mtu wa sukari ukimkatia wanga ghafla huku anameza dawa za sukari, sukari inaweza kushuka akaanguka.

Ila hapo napo pana shimo. Upande wa kijani wa ile karatasi umejaa potasiamu: ndizi, spinachi, nyanya, viazi, maji ya dafu, juisi ya machungwa. Figo nzima haina neno nayo. Figo iliyochoka haiwezi kuitoa, na potasiamu ikipanda sana kwenye damu moyo unaweza kusimama bila kupiga hodi. Na kama dawa ya presha ya mama ni losartan, enalapril au lisinopril, hizo nazo huwa zinapandisha potasiamu kidogo, ndiyo maana jagi la juisi ya kijani kila asubuhi si kitu cha kumwanzishia mtu kwa ushauri wa klipu. Huwezi kujua mama yuko kundi gani kwa kumtazama usoni. Mzee wetu alikuwa anatembea mpaka msikitini na kurudi, anacheza bao jioni, na figo zilikuwa zimeshaliwa.

Pima damu kabla hujagusa sahani, dada, narudia hilo na nitalirudia kila ukiniuliza kitu kingine. Kesho mpeleke mama asubuhi, hospitali ya wilaya yenye maabara inatosha, sema unataka kreatinini, potasiamu na sodiamu, na mkojo upimwe protini, hiyo ndiyo kazi ya maana ya mkojo. Beba vidonge vyake vyote na hilo kopo la baking soda umwekee daktari mezani, usione aibu. Dawa zisipunguzwe hata kidonge kimoja na mtu ambaye hakuziandika. Usiku huu kabla hajalala mbonyeze juu ya kifundo cha mguu, na muulize analala na mito mingapi. Kama shimo linabaki au anaongeza mito, usisubiri asubuhi, ita bajaji muondoke.