Nimesakinisha Git, kompyuta inasema haiijui

SWALI: Fundi, salaam. Nimeanza kujifunza kuandika programu. Juzi nilisakinisha Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, kwenye Windows, nikabonyeza kuendelea mpaka mwisho, na haikulalamika popote. Lakini kila nikiandika git kwenye dirisha la amri, naambiwa neno hilo halitambuliki. Nimeifuta na kuirudisha mara tatu. Kompyuta ni mbovu? Rafiki yangu anayetumia Ubuntu, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, ananicheka, anasema kwake ni mstari mmoja tu.

JIBU: Kompyuta ni nzima, na Git imo. Kabla hujaifuta mara ya nne, funga hilo dirisha jeusi, fungua jingine, kisha andika:

git --version

Ikikupa namba ya toleo, kazi imekwisha.

Ukiandika git, kompyuta haipekui diski nzima. Ina orodha ya folda iitwayo PATH, na huipitia folda moja baada ya nyingine ikitafuta programu yenye jina hilo. Isipoiona humo, kwake haipo, hata kama umeisakinisha mara kumi. Dirisha nalo huichukua orodha hiyo linapofunguliwa. Kama lako lilikuwa wazi tangu kabla ya kusakinisha, linashikilia orodha ya zamani. Mimi yalinikuta hayo hayo: nilikesha nikifuta na kurudisha, dirisha lile lile liko wazi pembeni. Asubuhi nikawasha kompyuta, ikakubali. Nikaona muujiza!

Ikigoma bado, fungua mipangilio ya PATH uangalie kama hii imo:

C:\Program Files\Git\cmd

Haimo? Iongeze, na tafadhali usiguse zilizokuwamo. Ukizifuta, programu nyingine nazo zitaanza kupotea. Huenda haimo kwa sababu wakati wa kusakinisha ulichagua Git itumike ndani ya Git Bash, dirisha la amri linalokuja na Git yenyewe, peke yake. Ukitaka kujua kompyuta inaiokota wapi, andika where git.

Rafiki yako asikutambie. Anaandika sudo apt install git, na programu inatua /usr/bin, folda ambayo tayari imo kwenye PATH yake. Muulize siku ya kwanza alipoombwa nywila, herufi hazionekani hata moja anapoandika, kama hakudhani kibodi imekufa.