Spidi ipo juu, mbona maneno yanagongana?

Nimepima laini yangu nikapata Mb 30 kwa sekunde, lakini nikimpigia dada yangu aliye Muscat kwa video tunadakizana maneno. Nimeibiwa bando? (Msomaji, Tanga)

Hujaibiwa. Ulichopima ni wingi wa data inayopita. Kinachowasumbua ni muda ambao data inatumia njiani. Lori hubeba kuliko bodaboda, lakini dawa ya haraka unampa bodaboda. Muda huo hupimwa kwa milisekunde. Kwa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, sauti ikifika upande wa pili ndani ya milisekunde 150, mazungumzo mengi huenda vizuri.

Naitumiaje ping, na namba ipi niiamini? (Msomaji, Nakuru)

Ping ni programu ndogo ya kupima muda huo. Mike Muuss aliiandika huko Marekani Desemba 1983, akaiita kwa mlio wa sona, ile mitambo ya kusaka nyambizi kwa mwangwi. Inafanya vivyo hivyo: inatuma, inangoja mwangwi, inahesabu muda wa kwenda na kurudi. Windows hutuma mara nne kisha hukoma, na nne hazitoshi. Mwishoni mwa amri ya ping ongeza -n 100 ili itume mara mia (kwenye Linux na Mac ni -c 100). Usishike wastani peke yake. Tazama ya chini kabisa, ya juu kabisa, na ngapi zimepotea. Laini inayorukaruka kati ya 30 na 400 itakukera kuliko inayotulia kwenye 90.

Pima mara mbili: kwanza ruta yako, kisha seva ya mbali. Ruta ikijibu kwa 2 au 3, tatizo liko mbele. Ikijibu kwa 80, usimlaumu mtoa huduma, ni Wi-Fi yako. Vifaa vyote kwenye chaneli moja hupokezana hewa, hata vya jirani, na data iliyogongana hutumwa upya. Sogea karibu, hamia masafa ya GHz 5, au chomeka waya.

Kwenye data ya simu, ping ya kwanza huwa kubwa, zinazofuata zinashuka. Simu mbovu?

Nzima. Redio ya simu hulala ili kutunza betri, na ikiamka lazima iombe nafasi kwa mnara kwanza.

Usiku napata ping ya 40. Mwanangu akianza kupakua gemu inapanda hadi 900!

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi hupima mtandao ukiwa umelala, kisha wanashangaa ukiamka. Ruta na minara ina hifadhi ya kupangia data foleni. Hifadhi ikiwa kubwa mno, upakuaji mmoja huijaza, na sauti yako inasimama nyuma ya gemu zima. Mhandisi Jim Gettys na wenzake walilipigia kelele jambo hili tangu mwaka 2010 hivi. Kwa hiyo pima huku kitu kinapakuliwa, kisha pima tena huku kitu kinapandishwa. Ruta yako ikiwa na SQM, yaani mpangilio wa kusimamia foleni hiyo, iwashe, uweke kikomo chini kidogo ya spidi halisi ya laini. Foleni ikiwa mnarani, huna la kuifanya zaidi ya kumwomba kijana asubiri simu iishe.

Naweza kupata ping ya 10 kutoka Dar hadi seva ya London?

Hapana. Ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya faiba hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 75, na nyaya za baharini hazinyooki.